Maua ya Buha na Rangi ya Mafuta

Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, maua si haba. Mvua za kwanza zikikaribia, miyombo hutoa majani machanga mekundu na miti ya jamii ya Brachystegia huchanua. Mvua zikielekea ukingoni huja zamu ya Julbernardia, na warina asali huanza kuiangalia mizinga yao. Hata hivyo, katika Buha, nchi hii ya Waha, haikujengeka desturi ya kulichora ua kwa rangi ya mafuta, kwa uhalisia unaoonyesha kila unyweleo na kila kivuli. Wapo wanaolieleza jambo hili kwa haraka, wakisema Mwafrika halitazami ua mpaka liwe dawa au chakula. Naikataa hoja hiyo. Picha ya ua huzaliwa pale wanapokutana mtaalamu wa mimea, shule ya kuchora na mnunuzi, na historia ya Buha katika karne ya 20 iliwatenganisha hao watatu.

Ushahidi wa kwanza uko mbali na Kigoma. Rachel Ruysch, aliyezaliwa mwaka 1664 na kufariki 1750, alikuwa mchoraji wa maua aliyeheshimika sana Uholanzi. Baba yake, Frederik Ruysch, alikuwa profesa wa anatomia na botania mjini Amsterdam, hivyo binti alikulia katikati ya mimea na wadudu waliohifadhiwa, katika nchi ya wafanyabiashara waliokuwa na fedha ya kununua picha. Kenya ilirudia jambo lile lile kwa kiasi kidogo. Joy Adamson, ambaye wengi humkumbuka kwa simba Elsa, alifika huko mwaka 1937, akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, na ni katika safari za kukusanya mimea ndipo alipoanza kuchora maua kwa rangi za maji. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Medali ya Dhahabu ya Grenfell nchini Uingereza mwaka 1947. Kwa upande wa shule, mfano ulio wazi ni Mongolia, nchi ya wafugaji isiyo na bahari, ambayo uchoraji wake mkuu ulikuwa wa dini ya Kibuddha. Uhalisia wa rangi ya mafuta uliingia huko katika karne ya 20 kupitia Urusi ya Kisovieti. Nyam-Osoryn Tsultem alikwenda kusoma katika Taasisi ya Surikov, Moscow, miaka ya 1940. Leo Mmongolia akichora chombo cha maua kwa mafuta, kazi hiyo ni yake, na shule iliyomfikisha hapo inajulikana.

Maua ya Buha nayo yaliandikwa, tena kwa uangalifu mkubwa. Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012, ina spishi zaidi ya 12,000, na Buha imo katika eneo lililopewa alama T4. Lakini fuatilia safari ya ua lenyewe. Linakatwa, linabanwa kati ya karatasi, linakaushwa, kisha linabandikwa. Rangi yake hufifia, na kinachobaki ni neno la mkusanyaji kwenye lebo: njano, zambarau, jeupe lenye madoa. Sampuli zilitunzwa Kew, Uingereza, na katika hebaria ya Afrika Mashariki, iliyohamishwa kutoka Amani kwenda Nairobi mwaka 1950. Huko wachoraji waliyachora maua hayo kwa wino mweusi. Kazi yao ni safi na ninaiheshimu, ila ilifanyika mbali na Kasulu, na hakuna kijana wa Kiha aliyesimama nyuma ya mchoraji akijifunza.

Vijana hao walikuwa wamepelekwa kwingine. Serikali ya kikoloni iliifanya Buha kuwa ghala la vibarua wa mkonge, na kuanzia mwaka 1944 ofisi ya SILABU ya wenye mashamba ilisimamia uandikishaji wa manamba kutoka mikoa ya mbali. Kabla ya hapo, miaka ya 1930, ugonjwa wa malale ulikuwa umesababisha watu kuhamishiwa makazi ya pamoja. Reli ilikwishafika Kigoma tangu 1914, lakini kwa Waha wengi ilikuwa njia ya kwendea kibaruani. Mnunuzi wa picha angetoka wapi? Na hata mafuta yenyewe, katika mkoa unaosifika kwa mawese, yasingepatikana hapo hapo: mawese hayakauki. Rangi ya mchoraji huhitaji mafuta kama ya mbegu za kitani, ambayo yakipigwa na hewa hugeuka utando mgumu.

Shule ya sanaa ilikuwapo, lakini Makerere, Uganda, na nayo ilikuwa na msimamo wake. Margaret Trowell, aliyeianzisha miaka ya 1930, alihofia kwamba kunakili uhalisia wa Ulaya kungeua kipaji cha wanafunzi wake. Aliwasimulia kisa, wakachora walichokiona akilini. Alikuwa na nia njema, na matunda yake yanaonekana kwa Sam Ntiro wa Machame, aliyewachora kwa mafuta watu na migomba ya Kilimanjaro. Lakini njia hiyo haikumketisha mwanafunzi mbele ya ua moja mpaka alimalize. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za madukani, naye alivutwa zaidi na wanyama na ndege. Katika picha nyingi za waliomfuata, ua hujaza nafasi kando ya mnyama.

Kuna watakaosema kwamba Waha hawakuhitaji picha, kwa kuwa maarifa ya maua yalikuwa vichwani mwa warina asali. Maarifa hayo yapo kweli: anayetundika mzinga Kibondo lazima ajue mti upi utachanua na lini. Hilo linathibitisha ninachosema, kwamba jicho lilikuwapo. Wengine watasema kamera imelimaliza suala hili. Kama ndivyo, mbona Flora ile iliendelea kuchorwa kwa mkono mpaka 2012? Mchoraji huweza kuweka tumba, ua na tunda kwenye ukurasa mmoja, jambo ambalo mti haulifanyi kwa siku moja. Na maua ya miyombo ni magumu kwa kamera ya haraka. Ua la Julbernardia ni dogo, jeupe, na tumba lake hufunikwa na magamba mawili ya kahawia yenye manyoya laini kama mahameli. Rangi ya mafuta, inayokauka polepole na kukubali tabaka juu ya tabaka, ingelifaa mno.

Kasulu ina chuo cha ualimu, na mapori ya miyombo hayako mbali nacho. Walimu wa sanaa na wa biolojia wawapeleke wanachuo wao pamoja chini ya miti hiyo msimu wa maua, wakiwa na warina asali wa kuwatajia majina ya miti. Halmashauri za Kasulu na Kibondo zinunue picha za kwanza na kuzitundika katika ofisi zao.