Karani Aliyeandika Aibu Yake

Leo nawaletea khabari za Saverio Naigiziki, mtu wa Rwanda, aliyetunga riwaya na mchezo wa kuigiza kwa Kifaransa.

Alizaliwa mwaka 1915, wakati Rwanda na nchi yetu hii ya Chemba zilipokuwa chini ya bendera moja, ya Wadachi. Wakati wa vita, Rwanda ilishikwa na Wabelgiji. Ndiyo sababu yeye alifundishwa Kifaransa, ilhali watoto wa huku walifundishwa Kiingereza. Alisoma seminarini, kisha akawa mwalimu, na baadaye karani.

Hesabu za duka zilipopungua, aliingiwa na hofu, akatoroka. Karani ye yote ajua uzito wa daftari lisilolingana. Wengi huificha aibu ya namna hiyo, yeye aliiandika. Kitabu chake, Escapade ruandaise, kilipata tuzo mjini Brussels mwaka 1949, kikapigwa chapa mwaka 1950.

Mwaka 1954 alitoa mchezo uitwao L'Optimiste, yaani mtu atumainiaye mema. Humo kijana Mhutu amwoa binti Mtutsi.

Mwandishi huyu alifariki mwaka 1984. Miaka kumi baadaye, Watutsi wengi mno waliuawa katika nchi yake, pamoja na Wahutu waliokataa kuua. Kumbe ndoa ile ya mchezoni haikuwa jambo la kuchekesha watu tu. Ilikuwa njia iliyoonyeshwa mapema, isifuatwe na wengi.