Marhumu Abubakar Kakyama Mayanja: Wakili Katika Bunge la Uganda

Katika wana wa Kiislamu waliopata elimu ya juu katika Uganda siku za utawala wa Waingereza, hapana wengi waliosikika kama Marhumu Abubakar Kakyama Mayanja, ambaye watu wengi walimwita Abu Mayanja tu. Kwa kuwa kitabu hiki cha ukumbusho kitasomwa na vijana ambao hawakumwona, tumeona si vibaya kuandika habari zake kwa urefu kidogo, hasa zile zinazohusu kazi yake ya uwakili na namna alivyoipeleka kazi hiyo ndani ya Bunge.

Alizaliwa mwaka 1929 katika saza la Kyaggwe, Buganda. Msomaji akumbuke hali ya elimu ya siku hizo. Shule zilizokuwa nzuri zilikuwa za mapadre, wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki, na wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kuwapeleka watoto wao huko, wakichelea wasije wakarudi na jina jingine na dini nyingine. Kwa sababu hiyo Waislamu walibaki nyuma, na wengi wao wakawa wachuuzi, wachinjaji na madereva. Kijana Abubakar alisoma katika King's College, Budo, shule ya Waanglikana ambamo wana wa machifu walilelewa, akatoka na jina lake lile lile na dini yake ile ile. Kutoka Budo akaingia Makerere.

Huko Makerere hakukaa akamaliza. Mwaka 1952 wanafunzi waligoma kwa sababu ya chakula, naye akiwa mmoja wa viongozi wa mgomo huo akafukuzwa. Mwaka huo huo Bwana Ignatius Musazi alianzisha chama cha Uganda National Congress, na kijana huyu wa miaka ishirini na mitatu akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Gavana Sir Andrew Cohen alimtazama, akaona heri kijana mwenye ulimi kama ule awe mbali na mikutano ya hadhara, akamsaidia kupata nafasi katika King's College ya Cambridge. Mwaka 1953 akasafiri. Kama Gavana alidhani kwamba elimu ingempoza, alikosea hesabu, kwani baada ya Cambridge alisomea sheria, akakubaliwa kuwa wakili London, na mwaka 1959 akarudi nyumbani akiwa na silaha ambayo hapo kwanza hakuwa nayo. Mara akafanywa Waziri wa Elimu katika serikali ya Kabaka, na baadaye akaingia Bunge la Uganda, ambamo mwishowe alikaa upande wa chama cha UPC, yaani upande wa serikali ya Bwana Milton Obote.

Sasa tunafika mahali penye uzito. Mwezi wa Februari 1966 mawaziri watano walikamatwa wakiwa katika kikao cha baraza lao. Mwezi wa Aprili Wabunge walipewa katiba mpya ambayo hawakuwa wameisoma, wakaambiwa kwamba nakala zao watazikuta katika visanduku vyao vya barua. Mwezi wa Mei jeshi likaishambulia ikulu ya Kabaka Mutesa huko Mengo, naye akakimbilia ng'ambo. Hali ya hatari ikatangazwa katika Buganda, na watu wakawa wanawekwa kizuizini bila kushtakiwa.

Mmoja wa hao waliozuiwa alikuwa Bwana Michael Matovu, chifu wa saza. Aliachiliwa, kisha akakamatwa tena. Wakili aliyesimama mbele ya Mahakama Kuu kumwombea uhuru alikuwa Bwana Mayanja. Mtu wa chama kinachotawala anasimama mahakamani kumtetea mfungwa wa serikali hiyo hiyo! Majaji watatu, wakiongozwa na Jaji Mkuu Sir Udo Udoma, waliisikiliza kesi hiyo ingawa karatasi za maombi zilikuwa na kasoro, kwa kuwa, walisema, jambo lenyewe lilihusu uhuru wa raia. Walakini hukumu yao ya mwezi wa Februari 1967 haikumfaa mfungwa. Walisema kwamba mapinduzi yakifaulu huzaa sheria yake yenyewe, kwa hiyo katiba ya 1966 ni halali. Walikiri pia kwamba maelezo ya sababu aliyopewa Bwana Matovu hayakutosha, lakini wakaona kasoro hiyo haikubatilisha kizuizi chake.

Wakili mwingine angeinamisha kichwa. Mwezi wa Juni 1967 serikali ilileta mapendekezo ya katiba nyingine, yenye kufuta falme na kumpa Rais madaraka makubwa mno, na Bwana Mayanja akayapinga akiwa katika viti vya serikali yenyewe. Alikichambua kifungu baada ya kifungu: madaraka yanakusanywa mikononi mwa mtu mmoja, Bunge linadhoofishwa, na kumfunga mtu bila hukumu kunafanywa kuwa jambo la kawaida. Maoni yake aliyachapisha pia katika gazeti la Transition, lililohaririwa mjini Kampala na Bwana Rajat Neogy. Baadhi ya mapendekezo yalipunguzwa kabla ya katiba kutangazwa mwezi wa Septemba, lakini ruhusa ya kuwazuia watu ilibaki.

Mwaka 1968 aliandika barua katika gazeti lile lile, akiuliza kwa nini Waafrika wa Uganda hawajateuliwa kuwa majaji wa Mahakama Kuu, akitaja uvumi, ambao mwenyewe alisema hauamini, kwamba mambo ya kabila ndiyo yaliyozuia. Mwezi wa Oktoba yeye na Bwana Neogy walikamatwa, wakashtakiwa kwa uchochezi. Hakimu alisikiliza ushahidi, na tarehe 1 Februari 1969 akawaachilia wote wawili kwamba hawana hatia. Hawakufika nyumbani. Walikamatwa tena papo hapo, safari hii kwa kanuni za hali ya hatari, ambazo hazihitaji hakimu wala ushahidi. Bwana Neogy alitoka baada ya miezi miwili hivi. Bwana Mayanja alikaa kizuizini hata mwaka 1970. Yaliyompata Bwana Matovu, kuachiliwa na kukamatwa tena, yakampata wakili wake.

Hapana budi tuandike na lile ambalo wengine wangependa liachwe. Jenerali Idi Amin alipotwaa serikali mwezi wa Januari 1971, Bwana Mayanja alikubali kuwa Waziri wake wa Elimu. Wapo wanaomlaumu. Sisi twasema kwamba mwanzoni watu wengi walifurahi, wafungwa walifunguliwa, na hata Bwana Benedicto Kiwanuka, mtu mwenye msimamo, alikubali kuwa Jaji Mkuu, akaja kukamatwa humo humo Mahakama Kuu mwezi wa Septemba 1972 na kuuawa. Lakini wakili aliyejua vizuri kuliko wengi maana ya serikali isiyofungwa na sheria alipaswa kusitasita zaidi. Hakudumu katika uwaziri huo, akarudi kwenye uwakili wake.

Mwaka 1986 aliitwa tena serikalini, sasa chini ya Rais Yoweri Museveni: kwanza Waziri wa Habari, na baadaye Waziri wa Sheria na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, tena Naibu wa Waziri Mkuu. Katiba ya mwaka 1995 iliweka kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 48.

Alifariki mwezi wa Novemba 2005. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kesi ya Matovu husomwa hata leo na wanafunzi wa sheria katika Afrika ya Mashariki, na jina la Bwana Mayanja limo humo, upande wa mfungwa.