Kenya katika Vita vya Pili vya Sudan

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Sudan (1983–2005), serikali ya Kenya ilibeba majukumu mawili: kupitisha misaada na kusuluhisha.

Baada ya njaa kali ya 1988, Umoja wa Mataifa ulianzisha mpango wa misaada mwaka 1989, ukiafikiwa na serikali ya Khartoum na waasi wa SPLA. Kenya iliruhusu Lokichoggio, kimji cha Turkana karibu na mpaka wa Sudan, kiwe kituo kikuu cha mpango huo. Ndege zilitoka hapo na kudondosha magunia ya chakula vijijini kusikofikika kwa barabara. Lakini ruhusa ya kuruka ilibaki mikononi mwa Khartoum. Mwanzoni mwa 1998 ilizuia safari za kwenda Bahr el Ghazal, eneo la kusini mwa Sudan, na njaa ikaua maelfu ya watu. Ukarimu wa jirani haukutosha pale aliyekuwa vitani alipoweza kufunga anga.

Usuluhishi uliendeshwa chini ya IGAD, jumuiya ya nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya alisimamia mazungumzo yaliyozaa Itifaki ya Machakos, Julai 2002; Oktoba mwaka huo pande mbili zikakubali kusitisha mapigano. Huko Naivasha, John Garang, kiongozi wa SPLA, na Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, walijadiliana ana kwa ana tangu Septemba 2003. Mkataba kamili wa amani ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Vita vya Darfur, magharibi mwa Sudan, vilivyokuwa vikiwaka tayari, havikuhusishwa, na hilo ndilo pengo kubwa la mkataba huo.