Kutoka Jahazi hadi Shahada: Wazazi Wetu na Kazi za Watoto Wao

Historia ya jumuiya yetu kwa kawaida huandikwa kwa kutaja majengo: hekalu, shule, zahanati, nyumba ya wageni, na majina ya wafadhili yaliyochongwa kwenye marumaru. Ni haki kuyataja, na katika mwaka huu wa maadhimisho tunayataja kwa shukrani. Lakini ipo historia nyingine isiyochongwa popote, nayo ndiyo iliyotufikisha hapa tulipo. Ni historia ya swali ambalo kila nyumba yetu imemwuliza kijana wake afikapo umri wa miaka 15 au 16: utafanya kazi gani? Mara nyingi, kabla kijana hajafungua kinywa, jibu lilikuwa limekwisha kutolewa na baba, na ami, au na mama.

Katika kurasa hizi chache tungependa kulifuata swali hilo tangu enzi ya majahazi hadi leo. Hatukusudii kuwalaumu wazee wetu, wala kuwasifu kupita kiasi. Twaamini tu kwamba mzazi asiyejua kwa nini baba yake alimchagulia kazi fulani, hawezi kujua vema kwa nini yeye naye anamchagulia mwanawe.

Enzi ya majahazi

Wazee wetu wa kwanza walivuka bahari kwa pepo za kaskazi, wakitoka bandari za Kutch na Kathiawar, kama vile Mandvi na Porbandar, wakashukia Unguja, Mombasa na Bagamoyo. Wengi wao, hata baada ya meli za moshi kushika njia hiyo, hawakuwa watu wazima. Muljibhai Madhvani alifika Uganda mwaka 1908 akiwa na umri wa miaka 14. Nanji Kalidas Mehta, aliyezaliwa mwaka 1887 katika kijiji kisicho mbali na Porbandar, alivuka bahari akiwa na miaka 13 hivi. Kabla yao, Allidina Visram, ndugu yetu Mwismaili mwenye asili ya Kutch, alianza ujanani kumtumikia tajiri Sewa Haji Paroo huko Bagamoyo. Leo tunawakumbuka hawa kwa viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, na kwa msururu wa maduka uliofuata njia ya misafara hadi Uganda. Ni rahisi kusahau kwamba walipoanza walikuwa na umri wa wajukuu wetu walioko kidato cha kwanza na cha pili.

Ni nani aliyewachagulia njia hiyo, na kwa nini? Ardhi ya Saurashtra na Kutch ni kavu, na mvua yake haiaminiki. Njaa ya mwaka 1899 na 1900, ambayo Wagujarati huiita Chhappaniyo kwa sababu iliangukia mwaka 1956 wa kalenda ya Samvat, iliua watu na mifugo kwa wingi mno, na kumbukumbu yake ilibaki katika mazungumzo ya nyumba zetu kwa miaka mingi. Baba mwenye wana wanne na shamba dogo alijua kwamba shamba hilo halitawalisha wote. Akamwandikia barua ndugu, au mtu wa kijijini kwake aliyekwisha kutangulia Afrika, na mwana mmoja akapandishwa chomboni.

Kwa hiyo, alichochagua baba hakikuwa kazi hasa, bali nyumba ambamo mwanawe angefunzwa kazi. Kijana alilala stoo, alifagia, alipika, na alijifunza Kiswahili cha wateja kabla hajaruhusiwa kugusa daftari la hesabu. Mshahara wake ulibaki mikononi mwa tajiri wake. Baada ya miaka kadhaa, akionekana mwaminifu, alipewa bidhaa kwa mkopo akafungue duka lake bara. Hakuna aliyemwuliza kama aliipenda biashara. Wazazi wake walikuwa na swali moja tu, kama atakula au hatakula, na duka lilikuwa ndilo jibu lao.

Daftari la Diwali

Si wote waliokuja kuuza duka. Walikuja pia wafua dhahabu, waashi, mafundi viatu, washona nguo, vinyozi na wafua nguo, kila mmoja na kazi ya ukoo wake. Lugha ya Kiswahili yenyewe imeweka ushahidi, kwani maneno sonara, dobi na duka yana asili ya ng'ambo ile ya bahari. Katika koo hizi swali la kazi halikuulizwa hata kidogo. Mtoto wa sonara aliketi kando ya baba yake mbele ya makaa, na mkono wake ulijua kazi kabla akili yake haijaanza kuchagua. Waswahili wana methali isemayo kwamba samaki mkunje angali mbichi, na wazee wetu walimkunja mapema kweli kweli.

Makabidhiano ya kazi yalikuwa na siku yake. Mwaka wetu wa hesabu huishia Diwali, na usiku huo hufanyika chopda pujan, ibada ya kubariki madaftari mapya. Ukurasa wa kwanza huandikwa maneno Shubh na Labh, yaani heri na faida. Katika nyumba nyingi, siku baba alipompa mwanawe kalamu aandike maneno hayo ndiyo siku kijana alipojua kwamba duka limekuwa lake. Hakukuwa na hotuba wala mjadala.

Hata hivyo, ibada hiyo ina jina la pili ambalo vijana wetu wengi hawalijui. Huitwa pia Sharda pujan, na Sharda ni Saraswati, mungu wa kike wa elimu. Basi mbele ya daftari lile lile Lakshmi huombwa riziki na Saraswati huombwa ujuzi. Wazee waliowaita wote wawili walijua kwamba mali bila maarifa haidumu, ingawa kwa muda mrefu walimpa Saraswati nafasi ndogo, ile ya kujumlisha na kutoa.

Neno la marehemu

Uzito wa neno la mzazi katika nyumba za Kigujarati unaonekana vizuri katika maisha ya Mohandas Gandhi, ambayo ameyasimulia mwenyewe. Baba yake, diwani wa Porbandar na baadaye wa Rajkot, alifariki mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye kijana alikuwa ameacha chuo huko Bhavnagar baada ya muhula mmoja, na rafiki wa familia akashauri apelekwe Uingereza kusomea sheria, ili siku moja apate cheo cha baba yake. Kijana aliuliza kama asingeweza kusomea udaktari. Kaka yake akamjibu kwamba baba yao hakuipenda kazi hiyo, kwa kuwa Wavaishnava hawapaswi kupasua maiti, na kwamba alimkusudia awe mwanasheria. Baba alikuwa kaburini, kwa lugha ya jirani zetu, au majivuni kwa lugha yetu, na bado neno lake lilitosha kumaliza shauri.

Mama yake, Putlibai, hakumzuia, ila alimtaka aape kwanza kwamba hatagusa nyama, pombe wala mwanamke. Wazee wa jati yake huko Bombay walimtenga kwa kuvuka bahari. Alisafiri mwezi Septemba 1888 akiwa na umri wa miaka 18. Aliporudi, uwakili haukumwendea vizuri nyumbani, na mwaka 1893 alikubali kazi ya wafanyabiashara wenye asili ya Porbandar waliokuwa Afrika Kusini. Meli yake ilitia nanga Lamu, Mombasa na Unguja. Sheria aliyochaguliwa kwa ajili ya cheo katika mji mdogo ilikuja kutumika kwa kazi ambayo hakuna mtu wa nyumbani kwake aliyeiwaza. Mzazi anaweza kuchagua mlango, lakini safari iliyo nyuma ya mlango huo hana uwezo wa kuichagua.

Miaka iliyogeuza ushauri

Baada ya Vita Kuu ya Pili wazazi wetu walianza kumpa Saraswati nafasi kubwa zaidi. Jumuiya za Kihindi za Afrika Mashariki zilichanga fedha kwa ajili ya chuo cha kumbukumbu ya Gandhi, ambacho kiliunganishwa na Royal Technical College ya Nairobi, mzazi wa Chuo Kikuu cha Nairobi cha leo. Lakini katika nyumba nyingi elimu bado ilikuwa pambo la duka. Aliyesoma alisoma, kisha akarudi kaunta.

Mambo yaligeuka kati ya mwaka 1967 na 1972. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na benki na viwanda vikubwa vikawa mali ya umma. Tarehe 22 Aprili 1971 yalitaifishwa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Hatuyaandiki haya kwa kulalamika. Sera za Tanzania ziliwagusa wenye mali wa kila rangi, na lengo lake lilikuwa usawa. Amri ya Amin ilikuwa jambo la namna nyingine kabisa. Tunaloeleza hapa ni yale ambayo wazazi walijifunza kutokana na miaka hiyo.

Mfano mmoja unatosha. Jayantilal Keshavji Chande alizaliwa Mombasa mwaka 1928, akakulia Bukene, mkoani Tabora, katika familia ya wafanyabiashara. Mwaka 1967 vinu vya familia yake vilitaifishwa. Kisha Serikali ikamwomba yeye mwenyewe aongoze shirika la umma la usagishaji. Mashine zilichukuliwa, lakini mwenye ujuzi aliitwa. Kila baba aliyesikia habari hiyo aliielewa. Na waliowapokea jamaa kutoka Kampala, wakiwa na sanduku moja na shahada ndani ya bahasha, waliielewa zaidi.

Tangu hapo ushauri wa nyumbani ukabadilika. Kijana hakuambiwa tena ashike duka. Aliambiwa awe daktari, mfamasia, mhasibu au mhandisi. Kazi hizi zilikuwa na sifa moja iliyozidi mshahara wake, kwamba ziliweza kuvuka mpaka pamoja na mwenyewe.

Kizazi chetu na watoto wetu

Sisi tulio katika miaka ya sitini tulikua katikati ya mashauri hayo mawili. Wengi wetu tulimaliza kidato cha nne tukasimama nyuma ya kaunta, kwa kuwa baba alihitaji mkono na ada ya kusomea nje haikuwepo. Tuliziona siku za Operesheni Maduka ya mwaka 1976, tukaziona rafu tupu, na tukaona biashara ikifunguliwa tena kuanzia mwaka 1984. Tulichokikosa tuliapa watoto wetu wasikikose. Tukauza, tukakopa, tukawapeleka Pune, London na Toronto. Mabinti nao, ambao masomo ya bibi zao yalipimwa kwa jicho la ndoa tu, walisoma kama kaka zao, na mara nyingi waliwapita.

Mafanikio yake tunayaona, na hasara yake tunaiona pia. Tuliwafundisha watoto wetu kwamba kazi njema ni ile inayobebeka, nao wameibeba. Jioni za aarti hekaluni mvi ni nyingi kuliko nywele nyeusi. Maduka yaliyojengwa na babu yamepangishwa, na kila uchaguzi wa kamati huwarudisha wazee wale wale.

Wapo pia waliotii, kisha wakageuka. Moyez Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kulelewa Dar es Salaam, alisomea fizikia ya nyuklia Marekani hadi shahada ya uzamivu. Baadaye akaiacha akawa mwandishi wa riwaya, na ya kwanza, The Gunny Sack, ilitoka mwaka 1989. Maisha ya maduka na mitaa yetu hayakuhifadhiwa na mhasibu yeyote kama yalivyohifadhiwa na mwanafizikia huyo aliyeacha fizikia.

Tuwaachie nini?

Tukiitazama historia hii yote kwa pamoja, twaona kwamba kila kizazi cha wazazi kiliwachagulia watoto dawa ya ugonjwa uliokiumiza chenyewe. Aliyeogopa njaa alichagua duka. Aliyeogopa kutaifishwa alichagua shahada. Wote wawili walikuwa na haki, kwa wakati wao. Hatari ni kwamba ushauri huishi muda mrefu kuliko hofu iliyouzaa. Kijana wa leo anayetaka kulima parachichi Njombe, kufundisha sekondari, au kurudi na kulipa duka la babu sura mpya, huambiwa hapana kwa sababu ya mambo yaliyotokea miaka mingi kabla ya yeye kuzaliwa, na ambayo hajawahi kusimuliwa.

Gita hutufundisha habari za swadharma, wajibu ulio wa mtu mwenyewe. Wengine wameuelewa kuwa ni kazi ya ukoo, wengine kuwa ni kazi inayolingana na tabia ya mtu. Hatuna elimu ya kuamua baina yao. Lakini pande zote mbili zakubali kwamba mtu hawezi kuutimiza wajibu asioujua, na kuujulisha ni kazi yetu wazazi.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo. Diwali ijayo, madaftari yatakapofunguliwa, kila mzazi amketishe kijana wake wa kidato cha tatu au cha nne na kumsomea hesabu yote ya ukoo: nani alivuka, kwa nini, alipata nini, alipoteza nini, na yeye mzazi anaogopa nini. Kisha anyamaze, amsikilize. Inawezekana kijana akachagua kile kile ambacho baba angemchagulia, na inawezekana akachagua kingine. Kwa vyovyote vile, atakuwa amechagua akiwa na daftari mkononi, na Sharda na Lakshmi watakuwa wameombwa pamoja, kama ibada ilivyokusudia tangu mwanzo.