Mwanafunzi Siku ya Mshahara, Daktari Siku ya Zamu

2024 mliona madaktari barabarani, makoti meupe, mabango na firimbi. Mtaani wengi walisema, "Hawa watu wana tamaa." Leo turudi nyuma kidogo, juu hiyo vita haikuanza 2024. Swali ni la kitambo: daktari anayejifunza kazi akitumwa hospitali ya mbali, nani analipa?

Tuanze na jina. Hapa Kenya ukimaliza miaka 6 ya kusomea udaktari, bado huwezi kujifungulia kliniki. Lazima ufanye mwaka mmoja hospitalini chini ya wakubwa: upasuaji, watoto, akina mama wanaojifungua, wodi ya watu wazima. Ndio upate leseni. Huyo ndiye mwanagenzi, ama intani. Uingereza mwaka kama huo ulikuwa lazima kuanzia 1953, na sisi tukarithi mfumo. Kwa miaka mingi Mkenya aliyetaka udaktari alienda Makerere, mpaka Nairobi ikaanza kufundisha udaktari yenyewe 1967.

Sasa ona shida ilipo. Kwa makaratasi, intani ni mwanafunzi. Lakini saa nane usiku, kwa hospitali ya kaunti ndogo, mama akianza kuvuja damu baada ya kujifungua, intani ndiye anakimbia. Atampigia mkubwa wake simu, sawa, lakini mikono iliyo pale ni yake. Na hachagui tu pale anapotaka kukaa. Wizara ndiyo inampanga. Anaweza kutoka Nairobi akajipata mbali na kwao, akitafuta nyumba na kodi ya mwezi wa kwanza kabla hajaona hata shilingi.

Madaktari walishagoma 1994, na moja ya mambo waliyotaka ni chama chao kusajiliwa. Walingoja mpaka 2011 ndio KMPDU ikapata usajili. 2013 hospitali nyingi zikaenda kwa kaunti 47, kama Katiba ya 2010 ilivyotaka, na ubishi wa nani analipa nini ukaongezeka. Desemba 2016 wakaweka vifaa chini kwa siku 100. Viongozi wao wakafungwa jela Februari 2017. Kilichotoka hapo ni mkataba wa 2017, na ndani yake intani aliwekewa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, marupurupu yakiwemo.

Mwaka uliofuata serikali ikajaribu njia nyingine. Juni 2018 madaktari 100 kutoka Cuba walifika Kenya ili wagawanywe kwa kaunti. Katika mpango huo huo, Wakenya 50 walienda Cuba kusomea udaktari wa familia. Wazo halikuwa baya. Cuba ilianza kupeleka madaktari wapya mashambani 1960, kwa hivyo wanajua hiyo kazi. Lakini hapa nyumbani kulikuwa na madaktari wasio na ajira wakiangalia tu. Wakenya walioenda wakaanza kulalamika kuhusu posho na maisha mbali na familia zao. Aprili 2019 madaktari wawili wa Cuba wakatekwa Mandera. Kufika 2023, wizara ikatangaza kwamba mpango umeisha.

Afrika Kusini pia ilienda Cuba, lakini ona tofauti. Tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakituma vijana, wengi kutoka familia maskini na vijijini, wakisomeshwa kwa pesa za majimbo yao. Deni lao ni kurudi kufanya kazi nyumbani. Na kuanzia 1998, daktari mpya kule anafanya mwaka wa kuhudumia jamii, mara nyingi vijijini, akilipwa mshahara wa daktari. Mfumo wao una shida zake pia, lakini angalau hesabu ilikuwa wazi kabla kijana hajapanda ndege.

Sisi tulifanya nini? 2024 serikali ikasema intani atapata 70,000. Hiyo ni kama theluthi moja ya kile walichokubaliana 2017. Tena haikuitwa mshahara, iliitwa posho. Madaktari wakagoma kuanzia Machi 14 mpaka Mei 8, siku 56, na hata wakati huo suala la maintani halikuisha. Ilibidi tungoje mpaka Desemba 2024 ndio serikali ikubali kurudi kwa mkataba wa 2017.

Serikali ilikuwa na hoja, tuwe wa haki. Bajeti ni ndogo, mamia ya vijana walikuwa nyumbani wakingoja kupangiwa hospitali, na ukilipa kila mmoja kidogo unachukua wengi. Lakini hiyo hesabu inasahau kitu. Ukipunguza pesa ya intani, hupunguzi zamu zake. Anafanya kazi ile ile, usiku ule ule. Mtoto wa tajiri atavumilia, mzazi atamtumia ganji. Mtoto wa mama mboga ataanza kazi akiwa na madeni, kisha tunamuuliza kwa nini anatafuta njia ya kwenda Uingereza badala ya kubaki Turkana.

Kwangu, historia inasema hivi: serikali inamwita mwanafunzi siku ya mshahara, na daktari siku ya zamu. Chagua moja. Kama ni mwanafunzi, basi asiachwe peke yake na wodi nzima usiku. Kama ni daktari, mlipe kama mlivyoandika. Na anayeumia zaidi hiki kitu kikiyumba hata si daktari. Ni yule mama wa kijijini ambaye hospitali yake inamtegemea intani, na siku 56 hakumpata.

Wewe unaonaje? Kama ungekuwa na bajeti mkononi, ungewalipa wachache vizuri ama wengi kidogo? Niambie, lakini nipe na sababu.