Kodi na Zaka Katika Kopo Moja

Babu yangu alipofariki, tulikuta chini ya kitanda chake kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na karatasi za aina mbili: stakabadhi za kodi ya kichwa za miaka ya 1950, zilizokunjwa mpaka zikapasuka kwenye mikunjo, na kadi za zaka za parokia. Zaka aliitoa kwa hiari. Mwaka wa njaa hakutoa kitu, na padre alimwelewa. Kodi haikumuuliza kama amevuna. Kwa ajili ya kodi aliiacha nyumba yake akaenda manamba, kukata mkonge Tanga, kama walivyofanya vijana wengi wa Songea wa rika lake.

Ninaanza na kopo hilo kwa sababu siku hizi huulizwa: je, ni haki fedha za kodi kugharimia taasisi za dini? Wengi hulijadili kana kwamba limezaliwa jana. Hapa kwetu Ruvuma swali hilo ni la zamani, na Kanisa limo ndani yake tangu mwanzo.

Wabenediktini walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, chini ya Padre Cassian Spiss. Ni miaka ileile ambayo Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba. Misheni iliishi hasa kwa sadaka za waamini wa Ulaya, wala si kwa kodi hiyo. Lakini machoni pa Wangoni mtoza kodi na mmisionari walikuwa wageni waliofika kwa njia moja, na Vita vya Maji Maji havikuwatenganisha. Mwaka 1905 Spiss, aliyekwisha kuwa askofu, aliuawa safarini pamoja na wenzake wanne, na Peramiho ikachomwa moto. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga viongozi wa Kingoni hapa Songea, baadhi yao wakiwa wamebatizwa muda mfupi kabla ya kupelekwa kitanzini. Kila mwaka tunapokusanyika kwenye makaburi yao pale Makumbusho ya Maji Maji, mimi hufikiri juu ya ubatizo ule, uliotolewa chini ya ulinzi wa bunduki za dola.

Jambo moja husahauliwa. Wakati huo malalamiko yalielekea upande mwingine. Serikali ya Wajerumani ilikuwa na shule zake pwani, kama ile ya Tanga, ambazo hazikufundisha dini. Wamisionari walinung'unika kwamba fedha ya umma inatumika kuwanufaisha Waislamu.

Mambo yaligeuka chini ya Waingereza. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilitembelea Afrika Mashariki na kupendekeza Serikali ishirikiane na misheni katika elimu. Mkutano ulifanyika Dar es Salaam mwaka 1925, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu wa ruzuku. Shule ya misheni ingelipwa fedha za umma ikifuata mtaala wa Serikali, ikiwa na walimu waliosajiliwa, na ikikubali kukaguliwa. Mwaka uliofuata, Arthur Hinsley, mjumbe wa Baba Mtakatifu, aliwaambia viongozi wa Kanisa Katoliki Dar es Salaam wapokee ushirikiano huo kwa nguvu zote. Wakishindwa kufanya yote mawili, basi ujenzi wa makanisa usubiri na shule zikamilishwe kwanza. Padre wa leo angeshtuka kuambiwa hivyo na mjumbe wa Roma!

Kwa hiyo misheni nyingi za Tanganyika zikaanza kula katika sahani ya kodi. Shule ndogo ya katekista kijijini haikupata kitu, kwa kuwa haikutimiza masharti. Vyuo vya Kurani navyo havikupata kitu. Hapa ndipo penye kidonda. Myao Mwislamu wa Tunduru alilipa kodi ileile aliyolipa babu yangu. Mwanawe akitaka kusoma hesabu na Kiingereza, mara nyingi mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa misheni, na wazazi wengi waliogopa mtoto asije akarudi na jina jipya. Hawakuwa na hofu ya bure. Sisi tuliosoma kwa urahisi tumechelewa mno kuliona hilo kuwa deni.

Baada ya Uhuru Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyekuwa amefundisha shule ya misheni, aliliona. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za misheni zilizopokea ruzuku zilichukuliwa na Serikali kuanzia 1970. Seminari ziliachwa. Hospitali nyingi nazo zilibaki kwa wenyewe, na katika miaka ya 1970 baadhi zilianza kufanywa hospitali teule za wilaya, mahali ambapo Serikali haikuwa na hospitali yake. Serikali ililipa watumishi, Kanisa likaendesha.

Kisha uchumi ukaanguka. Tarehe 21 Februari 1992 Serikali ilitia saini Hati ya Makubaliano na Baraza la Maaskofu Katoliki pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, kuhusu kuunga mkono huduma za afya na elimu za makanisa. Waislamu wengi waliilalamikia na bado wanailalamikia. Husema ni mkataba wa dini moja na dola, ilhali ibara ya 19 ya Katiba inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi.

Tunawajibu kwamba muuguzi humtibu kila mtu. Ni kweli, nami nalishikilia jibu hilo: mshahara wa muuguzi si mshahara wa padre. Lakini jibu hilo halimalizi kazi. Ukutani mwa wodi pana msalaba, na jina jema la hospitali huwa jina jema la Kanisa. Shule yetu yenye ada ambayo mkulima wa mahindi wa Namtumbo hawezi kuilipa, hiyo nayo ni huduma ya wote? Na mwaka 2015, muswada uliohusu Mahakama ya Kadhi ulipofika Bungeni, sisi Wakristo tulipaza sauti kwamba kodi ya wote isigharimie jambo la dini moja. Hoja hiyo naiunga mkono. Anayeisema, hata hivyo, avumilie kuisikia ikirudishwa kwake. Serikali ya Mkapa ilipowapa Waislamu majengo ya TANESCO mjini Morogoro, yakawa Chuo Kikuu kilichofunguliwa mwaka 2005, nilisikia Wakristo wakiguna. Waliguna wakiwa kwenye foleni ya hospitali inayopokea ruzuku.

Miaka kadhaa iliyopita nilimuuguza dada yangu katika hospitali moja ya Kanisa mkoani kwetu. Kitanda cha jirani alilala mke wa mzee mmoja wa Tunduru. Jioni tulikaa nje naye, yeye na tasbihi yake, mimi na rozari yangu.

"Mwalimu," aliniambia, "hapa wametutunza, Mungu awalipe. Ila na kodi yangu imo humu, ama sivyo?"

"Imo, mzee wangu."

"Kiasi gani?"

Parokiani kwetu mapato ya sadaka husomwa Jumapili mbele ya watu wote, mpaka shilingi ya mwisho, na mzee wa kanisa akikosea hesabu husahihishwa palepale. Ruzuku ya Serikali sijawahi kuisikia ikisomwa, wala sikuona ubao wowote hospitalini pale ulioiandika. Nilimwahidi kumuulizia ofisini. Nilizungushwa siku mbili, na ya tatu mkewe akaruhusiwa, wakapanda basi la Tunduru alfajiri kabla sijapata jibu.