Njia ya kupandia Margherita: Nyakalengija, Kilembe au Congo?

Margherita, mita 5,109, ni kilele cha tatu kwa urefu Afrika, baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Kiko kwenye milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Congo. Huku usitegemee kupanda na kushuka kwa siku mbili tatu. Andaa wiki nzima, na nusu yake ni tope.

Wengi huanzia Nyakalengija, upande wa Uganda. Unalala Nyabitaba, John Matte, Bujuku, kisha Elena (mita 4,541), na alfajiri ya siku ya tano unagusa barafu. Kero yake ni kinamasi cha Bigo. Bila gambuti, imekula kwako.

Njia ya Kilembe, karibu na mji wa Kasese, inaongeza siku moja hivi. Faida ipo: unavuka Bamwanjara, mita 4,450, halafu unashuka kulala Hunwick's, chini ya mita 4,000. Mwili unazoea hewa nyepesi taratibu.

Lakini hapo hapo kuna mtego ambao wengi hawauulizi. Mtu akizidiwa na ugonjwa wa mwinuko, dawa ya kweli ni kumshusha haraka. Kutoka Bujuku anashushwa bondeni moja kwa moja. Kutoka Hunwick's, kurudi Kilembe ni lazima apandishwe tena kwenye kivuko cha zaidi ya mita 4,400 ndipo ateremke. Kwa mgonjwa, hiyo ni hatari. Kwa hiyo aliyewahi kuumwa kichwa vibaya milimani, Nyakalengija ndiyo salama zaidi, tope au si tope.

Upande wa Congo njia huanzia Mutwanga, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Ni kali na haina watu wengi. Ila eneo la Beni limeandamwa na mashambulizi ya ADF kwa miaka, hivyo kwa sasa iache tu.

Njia yoyote utakayochagua, juu kuna barafu yenye nyufa: kamba, shoka la barafu na meno ya chuma ya kufunga kwenye viatu ni lazima. Barafu hiyo inazidi kupungua, na sehemu za kupandia hubadilika. Kabla ya kulipa, muulize mwongozaji alipanda lini mara ya mwisho na alipitia wapi.

Miezi yenye nafuu ya mvua ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti. Nafuu tu, koti la mvua usiliache.